Alama Kwenye Hapana

Kila alipotoka shule, Kerensa alipitia nyumba yao ya zamani mjini Redruth. Alifungua madirisha ili kuta zisiote ukungu, akaokota barua mlangoni, kisha akateremka kwenda nyumba mpya. Jumanne moja alikuta mlango uko wazi. Baba yake, Denzil, alikuwa ameinamia fomu ya wakili ya kuuzia nyumba hiyo, uso umemwiva.

"Funga mlango," alisema. "Pascoe asisikie."

Mzee Pascoe alikuwa jirani. Mfereji wa paa lake ulivuja na kulowesha ukuta wao kila mvua iliponyesha. Miaka minne iliyopita Baba alimwandikia barua mbili kali, ya pili ikimtishia mahakama. Tangu hapo hawakusalimiana.

Kerensa alisoma swali kwenye fomu: Je, umewahi kugombana na jirani? Baba alikuwa ametia alama kwenye Hapana.

"Lakini Baba, zile barua..."

"Zile barua zimekufa. Tulinunua nyumba mpya kabla ya kuuza hii kwa sababu Bibi hakuweza tena kupanda ngazi. Siku ya kununua tulihesabiwa kuwa na nyumba mbili, basi tukatozwa kodi ya ziada, pauni elfu tisa, kama wale matajiri wenye nyumba za likizo wanaokuja kuogelea wiki mbili kwa mwaka. Tukiiuza hii ndani ya miaka mitatu tunarudishiwa. Zimebaki wiki sita, na wanunuzi wawili wameshatuponyoka. Huyu naye akienda, bafu tulilopanga kumjengea Bibi kwa pesa hizo limekwenda."

"Kwa hiyo tumdanganye?"

"Kwa hiyo unyamaze."

Kerensa alimfikiria Bibi. Kila asubuhi alimwona Bibi akioga kwa beseni chumbani, akijifanya hapati tabu.

Mlango uligongwa. Alikuwa mnunuzi, muuguzi aitwaye Bi Rowe, amekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Alipofika chumba cha nyuma aliweka kiganja ukutani.

"Pana unyevu kidogo," alisema. "Nilitaka kuweka kitanda cha mwanangu hapa. Ana pumu."

"Ni hali ya hewa tu," Baba alijibu haraka.

Kerensa akaingilia. "Si hali ya hewa. Maji yanatoka kwa jirani. Baba amegombana naye, na barua zipo."

Bi Rowe alikunja utepe wake wa kupimia polepole. "Nitazungumza na wakili wangu," alisema, akaondoka.

Baba alipiga meza kofi. "Umefurahi? Nenda kamweleze Bibi mwenyewe."

"Nitamweleza. Na wewe kamweleze Mzee Pascoe. Unaununia ukuta, na mwenyewe yuko upande wa pili."

"Yuko, na anasikia," ilisema sauti kwenye mlango wa nyuma. Mzee Pascoe alisimama pale, miguuni ana soksi tu. "Kuta zenyewe karatasi. Denzil, barua yako ya kwanza kabisa ilinitajia wakili. Ungebisha hodi ningepanda ngazi siku ileile."

"Nikubishie hodi wewe, unayefunga pazia ukiniona?"

"Nilianza kulifunga baada ya barua."

Walifokeana mpaka chai ya Baba ikapoa. Mwishowe mzee akasema, "Goti langu limekufa. Njoo Jumamosi unishikie ngazi, au tuendelee kupayuka."

Jumamosi mfereji ulibadilishwa. Baba alifuta Hapana, akatia alama kwenye Ndiyo, akaambatisha barua zote mbili pamoja na risiti ya mfereji mpya. Bi Rowe alipunguziwa bei ili apige plasta upya, akanunua. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Kodi iliporudishwa, bafu likajengwa. Siku ya kwanza Bibi alitoka humo nywele zikichuruzika maji, akakaa mezani.

"Uongo ungeuza nyumba," alisema, "lakini mtoto wa watu angelala kwenye ukuta uliolowa. Asemaye kweli hamwachii mwingine ugonjwa. Sasa Denzil, una neno na binti yako. Umelimeza wiki nyingi."

Baba aliangalia kikombe chake.

"Siku ile sikukukasirikia wewe, mwanangu," alisema. "Nilijionea haya. Nisamehe."