Jozi ya Buti za Sabiri

Rafiki yangu Erasto, muuza viatu vya mtumba Korogwe, si mtu wa kutunga maneno. Ndiyo maana haya yananikosesha raha.

Sabiri, aliyesoma naye, aliuawa vitani Kongo. Jeneza lilikuja limefungwa. Mama yake, Bi Hamisa, hakumwona. Siku ya arobaini, siku ya kugawa nguo za marehemu, Erasto alipeleka Kerenge, nyumbani kwa Bi Hamisa, buti za Sabiri alizopewa azing'arishe. Alikuwa amezifunga pamoja kwa kamba zake, fundo gumu, kama afanyavyo sokoni jozi isipotee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ziweke chumbani kwake. Tumalize kisomo kwanza."

Akaziacha sakafuni. Bi Hamisa akafunga mlango, ufunguo akabaki nao.

Alasiri wingu likatanda, nyumba ikaingia giza. Erasto alikuwa uani akipanga sinia za pilau aliposikia kishindo nyuma ya ukuta wa chumba kile. Ko. Ko. Ko. Kikaenda mpaka mlangoni, kikarudi kitandani, kikaenda tena. Sauti za wasomaji zilikuwa juu, hakuna aliyegeuka. Bi Hamisa tu ndiye aliyekuwa amenyamaza, ameukaza ufunguo kiganjani.

Dua ilipoisha, akafungua. Buti zilikuwa kando ya kitanda, kila moja peke yake.

"Hukuzifunga, baba?"

"Nilizifunga, mama."

Akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya moja. Hakulia. Akaushika mkono wa Erasto, akautia ndani ya ile nyingine.

Ilikuwa na joto, na imelowa jasho.