Kibao cha Nyumba ya Kwandu

Nyanjige wa Ipililo tunapakana naye shamba, na sauti yake, akiita kuku, mbwa wa vijiji vitatu wanaamka. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka Bariadi akiongea kwa kunong'ona, tulivuta vigoda tukamsikiliza.

Alikuwa ameondoka asubuhi, jua la kawaida tu, pamba imeshapaliliwa. Jana yake mjukuu wake Salu alitoka ziara ya shule kwenye makumbusho ya historia nje kidogo ya mji, mahali ambapo nyumba za zamani huhamishwa bati kwa bati, mlango kwa mlango, na kusimamishwa upya.

"Bibi, tumeonyeshwa nyumba ya mchawi! Mlango wake umechorwa ng'ombe mwenye miguu mitano."

Nyanjige aliacha mwiko ndani ya sufuria. Ng'ombe yule alimchora yeye mwenyewe kwa msumari, akiwa na miaka saba. Mguu wa tano ulikuwa mkia.

Nyumba ilikuwa ya mama yake, Kwandu. Kwandu alipika kwenye moshi wa samadi kavu miaka arobaini mpaka macho yakawa mekundu, na watu wakayaona macho wakamwita mchawi, moshi hawakuuona. Mwaka wa ukame, wanaume walikuja usiku na mawe. Kulipokucha Kwandu hakuwepo. Hakuonekana tena, hai wala maiti. Nyanjige alikuwa ameshaolewa Maswa. Habari zilimfikia siku ya tatu.

Pale makumbusho alimkuta Danford, mtembeza wageni, kijana mwenye sauti ya kuuza sumu ya panya stendi.

"Kwenye kamba hii," Danford aliwaambia wageni, macho yamemtoka kama chura aliyekanyagwa, "mchawi alikuwa anakausha mioyo ya watoto!"

"Michembe," alisema Nyanjige kutoka nyuma.

"Samahani, mama?"

"Alikuwa anakausha michembe. Viazi! Kama wewe ni Msukuma, hiyo mioyo umeshaila na karanga."

Wageni waliangua kicheko. Danford hakucheka.

"Mwenye nyumba ni mama yangu. Ng'oa hicho kibao."

Kibao chenyewe kilikuwa juu ya mlango: NYUMBA YA MCHAWI, herufi nyekundu zinazochuruzika.

Danford alisubiri wageni waondoke, kisha akashusha sauti. "Mama, hicho ndicho kinacholeta watu. Halafu humu hamkaliki. Limbu, mlinzi wetu, aliacha kazi. Sisi tunaingia kwa kundi, tunatoka kwa kundi."

"Mimi nitakaa peke yangu mpaka mfunge. Nikitoka kwa miguu yangu, kibao kinashuka."

"Na usipotoka?"

"Tundika cha pili."

Saa nane mchana, mlango ukafungwa kwa nje.

Mwanzoni palikuwa na joto na giza tu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Nyanjige alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, akajipepea, akamtukana Danford kidogo ili kupitisha muda. Kisha akasikia harufu ya samadi mbichi. Makumbusho yale hayana hata ndama.

Ikafuata sauti, pale mlangoni. Shwaa. Kiganja kikiteleza sakafuni. Shwaa. Polepole. Kikisogea.

"Mayu?" alinong'ona, kama alivyomwita mama yake utotoni.

Sauti ikanyamaza.

Paa! Jiwe juu ya bati. La pili. La tano. Halafu mvua nzima ya mawe, saa tisa ya mchana mweupe. Na ukutani, kwa nje, midomo mingi. Midomo ya wanaume. Karibu. Inanong'ona neno moja.

"Toka."

Nyanjige akasimama, akavuta ile sauti ya kuamsha mbwa.

"Mimi ni Nyanjige wa Kwandu! Siku ile mlimkuta peke yake. Leo tuko wawili! Hatutoki!"

Mawe yakakoma. Yote. Kwa mpigo.

Kando yake, chini, karibu na sakafu, mtu alishusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Shwaa. Kazi ikaendelea.

Saa kumi Danford alifungua mlango. "Mama, ulikuwa unamfokea nani? Hapa nje tulikuwa mimi na Esteria wa tiketi tu."

Nyanjige alitoka kwa miguu yake. Akatazama chini: hapakuwa na jiwe hata moja. "Nyundo iko wapi?"

"Sasa, suala la kibao inabidi nimuulize meneja..."

Mwanga ukaingia ndani, na Danford akachungulia. Sakafu nzima ilikuwa imesiribwa samadi, mbichi, ya kijani, inang'aa. Nyayo zilikuwa za Nyanjige peke yake, kutoka kwenye kigoda hadi mlangoni.

"Umesiriba wewe?"

Nyanjige akamwonyesha viganja. Vikavu. Vumbi tu.

Danford hakumuuliza meneja. Alikimbia, akarudi na nyundo, akakishusha kibao kwa mapigo matatu.

Nyanjige alikuwa ameinama mlangoni, akiifuata michirizi ya vidole kwa macho. Kila anayesiriba huanzia ukuta wa nyuma, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, asikanyage kazi yake. Mikono hii ilianzia mlangoni. Ilizunguka kigoda, ikaenda, ikaenda, mpaka chini ya ukuta wa nyuma.

Hapo ilikuwa imeacha sehemu kavu, ya kutosha mtu mmoja kuchuchumaa, na hakuna nyayo zilizotoka hapo.