Kiranja na Namba za Uongo

Kila mchana kengele ya chakula ikilia, Kiranja alijifungia chooni na kibegi chake: kipimo cha sukari, sindano na daftari. Hakutaka mtu ajue. Lakini Mdomo, jirani yake wa dawati, alishanusa jambo.

"Oyaa, Bi Sukari! Ulilamba pipi ngapi mpaka ukaumwa?"

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo Kiranja akaacha sindano ya mchana. Jioni alipima, kipimo kikasema kumi na tisa, yeye akaandika sita. Mama akasoma, akafurahi. Ikawa hivyo kila jioni.

Siku ya kliniki, muuguzi akabonyeza kipimo, kikatapika namba zote kilizozihifadhi.

"Daftari linasema sita, kipimo kumi na tisa. Mwanangu, nani muongo hapa?"

Mama akashika kichwa. "Siku tisa unanificha?"

"Sikula pipi mimi!" Kiranja alifoka, machozi yakimlenga. "Wananicheka bure!"

"Nani kasema pipi?" muuguzi akauliza. "Hebu niambie, wewe kiranja wa darasa, siku usipokuwepo kunakuwaje?"

"Wanapigana. Juzi walimtwanga hata aliyekuja kuleta chaki."

"Ndiyo hivyo. Mwilini mna seli za ulinzi, zinapambana na vijidudu. Na mna seli viranja, zinazozituliza: huyu wetu, mwacheni. Kwako viranja walizidiwa, walinzi wakazivamia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, hiyo unayojidunga kushusha sukari. Hilo si kosa lako. Kuficha ndiko kosa lako. Ukiendelea, utalazwa."

"Hao viranja hawarekebishiki?"

"Wataalamu wanahangaika nao. Kwa sasa, kiranja ni wewe."

Kesho yake kengele ililia. Kiranja hakunyanyuka. Alifungua kibegi juu ya dawati, paa!

"Haya Mdomo, sogea uone. Kiingilio bure."

Akajipima: kumi na nne. Mdomo akanong'ona, "Andika nne tu, nani atajua?"

"Kipimo kinajua. Na mimi najua." Akaandika kumi na nne, akainua shati kidogo, akajidunga tumboni.

"Inauma?" Mdomo akauliza.

"Kuliko mdomo wako? Wala!"

Wakacheka, safari hii wakimcheka Mdomo. Mwalimu wao alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akalichukua daftari, akaliinua wote walione.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Andikeni ya kweli, hata ikiwa mbaya. Mbaya ya kweli ina dawa. Nzuri ya uongo haina."