Nyimbo za Mama na Diski Mbili

Baba ni fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedali, aliwasha kompyuta na kumsikiliza marehemu mama akiimba. Nyimbo zilikuwa kumi na sita. Dada alikuwa na mimba ya miezi minane. Alipenda kusema, "Mwanangu atabembelezwa na bibi yake."

Siku moja wimbo wa tatu ulikwaruza, kisha ukanyamaza.

"Ninayo nakala," Baba akasema. "Kila Ijumaa nafuta ya zamani, naweka mpya."

Akaifungua. Nayo ikakwaruza palepale. Baba akavua miwani.

Dada akamwita jirani yetu, fundi kompyuta. Sisi humwita Shangazi Waya.

"Diski huoza kimyakimya, kaka, wala hainuki," alisema. "Nawe ukaweka kilichooza mahali pa kizima."

"Kwa hiyo nimemuua mara ya pili?"

"Usiseme hivyo! Nyimbo kumi na tano ni nzima. Hizo tutazilinda."

Akaleta diski mbili mpya. Akaweka mfumo wa kutunza mafaili unaozifanya diski hizo ghala moja.

"Kila kipande kinaandikwa huku na huku," alieleza. "Tena kila kipande kina alama yake. Kikiharibika, alama hailingani. Hapo mfumo unachukua pacha wake mzima kwenye diski ya pili, unakitengeneza."

"Nani ataukumbusha?" Dada akauliza.

"Nimeupangia. Kila mwezi unakagua vyote. Na kila siku unahifadhi hali ya siku hiyo. Baba yako akifuta kwa bahati mbaya, tunarudi jana."

"Mimi sifuti ovyo!"

"Kaka, si ulikuwa unafuta kila Ijumaa?"

Baba akacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Lakini moto ukiwaka hapa, diski zote zitaungua," Shangazi akaongeza. "Nakala nyingine ikae kwangu."

Dada akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alipofika miezi miwili, ukaguzi ulionyesha: vipande vinne vimeharibika, vinne vimetengenezwa. Vyote vilikuwa vya wimbo wa tisa.

Baba alisoma mara tatu. Akaufungua wimbo huo. Mama akaimba mpaka mwisho, na kikohozi chake kidogo kikasikika vizuri.

Mtoto akageuza kichwa, akaitafuta sauti.

"Bibi yako huyo," Baba akamnong'oneza. "Msikilize."