Biskuti ya Dirishani

Siku ile ya kuoka, jikoni walikuwa watu wanne: Roswitha; mama mkwe wake Kreszenz; wifi yake Traudl; na Veit, mwana wa Roswitha wa miezi saba, aliyelala kwenye kitanda chake cha kubembea kando ya jiko la kuni. Wa tano hakuna aliyemhesabu.

Donge la unga na asali lilikuwa limelazwa kwenye chumba cha chini ya nyumba tangu Septemba, likomae. Traudl alilisukuma mpaka jasho likamtoka.

"Wifi, hizi ni biskuti za Krismasi au matofali?"

"Sukuma, acha domo," Roswitha akacheka. "Mume utampata kwa mikono hiyohiyo."

Kreszenz alilikanda pamoja na karafuu, viungo vingine na magadi, akachapa biskuti kwa vibao vya kuchongwa: jogoo, moyo, mpanda farasi. Mwisho akatoa kibao kidogo cheusi mfukoni mwa aproni. Kilikuwa na sura ya mtoto mchanga aliyeviringwa nguo toka shingoni mpaka miguuni. Alichapa biskuti moja tu.

Ilipoiva, akampa Roswitha. "Goti linaniuma, mwanangu. Iweke nje, kwenye kizingiti cha dirisha la chumbani. Kisha funga. Usiulize."

Roswitha alifungua dirisha. Theluji ilikuwa ikianguka. Aliyatazama mashavu yale madogo na kijipua kile, huruma ikamjaa.

"Maskini, kwenye baridi hii," akanong'ona.

Akairudisha ndani, akaifunika kwenye mkebe pamoja na zile nyingine, akaweka juu yake kipande cha tufaha ili zilainike. Biskuti hizo hutoka jikoni ngumu kama ubao, na hukaa na tufaha wiki mbili ndipo zitafunike.

Asubuhi mkebe ulikuwa sakafuni, kando ya kitanda cha Veit.

"Traudl, utani wako huu?"

"Mimi? Nilikuwa nakoroma!"

Siku ya pili Veit alikataa ziwa. Hakulia. Nywele zake zilinuka karafuu, na Roswitha alipomwosha kwa maji ya moto harufu ikazidi.

Siku ya tatu, Kreszenz na Traudl walipokwenda kanisani kupamba, Roswitha alibaki peke yake na mtoto. Saa kumi na moja jioni giza la majira ya baridi lilikuwa limeshaingia. Akasikia mkwaruzo, mdogo, kama kucha za mtoto kwenye bati. Ukanyamaza. Ukarudi. Aliufungua mkebe, akagusa jogoo, akagusa moyo, zote ngumu vilevile kama zilipotoka jikoni, lakini kidole chake kilipofika kwenye shavu la yule mtoto wa biskuti kikazama, kwa kuwa shavu lilikuwa laini, tena la vuguvugu, na alipokitoa likainuka polepole likawa kama lilivyokuwa. Naye akamkimbilia Veit, akamshika shavu, na shavu la mwanawe halikubonyea, vidole vyake havikukunjika, ila macho tu yalikuwa wazi yakimtazama mama yake kama ya mtu anayeita kwa mbali.

Mlango ukafunguka. Kreszenz alisimama kizingitini na theluji mabegani, akanusa.

"Roswitha," akasema kwa sauti ya chini. "Uliiweka nje?"

"Nilimhurumia, mama."

Traudl, nyuma yake, akajiziba mdomo. Kreszenz hakumfokea mkaza mwanawe. Alivua shali yake mwenyewe, akamfunika mabega.

"Kosa ni langu, nilinyamaza nisikutie hofu. Bibi yangu alifiwa na mtoto kabla hajaiona Krismasi yake ya kwanza. Babu akaichonga sura yake kwenye kile kibao. Tangu hapo kila Desemba mtoto yule huja kutafuta pa kulala. Tukimpa chake nje, hutosheka. Wewe umemkaribisha ndani, na kitanda ni kimoja."

"Nifanye nini?"

"Mtoe wewe uliyemwingiza. Atalia. Hata akilia vipi, usifungue."

Roswitha aliichukua ile biskuti. Ilikuwa nzito, na ilipumua. Alimvua Veit soksi moja ya sufi, akaitumbukiza ndani yake mpaka shingoni, akaiweka kwenye theluji ya kizingiti, nje ya dirisha la chumbani.

"Lala, mwana wa watu," akasema, machozi yakimtiririka. "Hapa si kwako."

Akafunga dirisha.

Kilio kikaanza, na kilikuwa kilio cha Veit hasa, kile cha njaa anachokijua kila mama hata akiwa usingizini, kikapanda na kukwama na kupanda tena, vidole vikakwaruza kioo, na maziwa yakamtoka Roswitha yenyewe yakamlowesha kifuani, na mkono wake ukaenda kwenye komeo bila yeye kuutuma, hata Kreszenz akaukamata kwa mikono yake miwili akauweka kifuani pake mwenyewe, na Traudl, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, akamkumbatia kwa nyuma na kumziba masikio, akinong'ona, "Si wako, wifi, si wako, wako yuko hapa."

Ndipo kitandani mtu akakohoa. Veit alilia, kwa sauti iliyokauka, na nje pakawa kimya.

Roswitha alimgusa shavu. Likabonyea.

Asubuhi kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na theluji tupu.

Veit alianza kutembea mwezi wa Machi, theluji ilipoyeyuka. Waliitafuta ile soksi chini ya dirisha, hawakuiona.