Namba za Penseli

Siku niliyopoteza vidole vitatu ndiyo siku niliyojua mke wangu amekuwa akinizunguka miaka yote.

Ngojeni niwaambie. Naandika kwa mkono wa kushoto, mnivumilie.

Mimi ni seremala, nimejiajiri. Nikiugua hakuna bosi wa kunilipa, ndiyo maana nilikata bima ya kipato. Ukishindwa kufanya kazi, wanakulipa kila mwezi.

Vidole vilienda na msumeno wa umeme. Ile kinga ya chuma inayofunika meno yake niliing'oa mwenyewe zamani, ilikuwa inanichelewesha.

Dada wa bima alinifuata wodini. Akasema watanilipa kulingana na kipato nilichotangaza kwa watu wa kodi katika miaka mitatu iliyopita.



Ndugu zangu, fomu za kodi nilikuwa najaza robo tu ya ninachopata. Nilijiona mjanja! Naandika namba kwa penseli yangu ya kazi, mke wangu ananakili kwa wino, nasaini bila kusoma.

Sasa hiyo robo ndiyo ingelisha watoto wanne. Karakana ingeondoka, na nyumba ingefuata.

Dada wa bima akanionyesha fomu zangu za kodi. "Saini ni yako?"

Saini ilikuwa yangu. Namba hazikuwa zangu. Kipato chote kilikuwa pale, hadi kabati la mwisho nililouza.

Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ananitazama tu.

"Kodi hiyo nani alilipa?"

"Cherehani yangu," akasema.

Hasira zikanipanda, nisiwafiche. "Kwa hiyo ulikuwa unanizunguka?"

"Ndiyo, baba watoto. Tangu siku uliyong'oa ile kinga. Nilijua nitaitwa hospitali, sikujua tu ni lini."

Nililia mbele ya mgeni.

Malipo yakaja kamili, nayo yakakatwa kodi, kwa kuwa michango ya bima nilikuwa naiondoa kwenye kipato cha kutozwa kodi, kama gharama ya kazi. Safari hii sikutafuta ujanja.

Wewe uliyejiajiri, ukipunguza namba kwenye fomu leo, unajipunguzia chakula cha siku utakayolala wodini.

Jana nilirudi karakana. Kinga ipo kwenye msumeno, skrubu zimekazwa. Na penseli zangu zote mke wangu kazichukua.