Daftari la Bwana Pelham

Daftari lilikuwa limetoweka, na Bwana Pelham alikwisha kumpata mwizi wake kabla polisi hawajafika.

Inspekta Pandu Nyange aliwasili gatini Wete saa nne asubuhi, Alhamisi moja ya Januari 1959, akakuta watu wamejaa. Katikati yao alisimama Mjaka Othman, rubani wa bandari, mikono nyuma, kofia imekaa sawa kichwani. Mbele yake Mzungu aliyeiva kwa jua na hasira alikuwa akimnyoshea kidole.

"Mwizi ni huyu," alisema Pelham. Kiswahili alijifunza Tanga, alikokuwa bwana shamba miaka kumi, na alikijua vya kutosha kumtukana mtu. "Mkamate."

"Nani kasema ni mwizi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Basi tutaanza na wewe. Twende chomboni kwako."

Yoti ya Pelham, mashua nyeupe ya matanga mawili, ilikuwa imetia nanga tangu Jumatatu, na Mjaka ndiye aliyeiingiza. Mgeni akiitazama Wete kwenye ramani hudhani ni bandari ya kujiingilia tu. Haijui. Mlangoni pana miamba na mafungu ya mchanga, na meli kubwa kubwa humsubiri rubani nje kama watu wanaobisha hodi. Mjaka ameingiza vyombo miaka thelathini, na hata kimoja hakijakwaruzwa. Watu wa Wete hujigamba kwa hilo, wakiwemo wasiowahi kupanda hata mtumbwi, na mimi siwalaumu.

Sasa yote hayo yalikuwa hatarini. Mkubwa wa bandari alikwisha toa neno: daftari lisipoonekana kabla ya alasiri, cheti cha urubani cha Mjaka, alichokishika tangu asubuhi, kitafutwa.

Chumba cha yoti kilikuwa chembamba. Mke wa Pelham alikuwa amelala, homa imempungua. Koplo Ame alinyunyiza unga wa kutafutia alama za vidole mezani, akakuta alama zimepandana hata hazisomeki. Kufuli la mlango lilikuwa zima.

"Daftari lilikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hapa mezani. Saa moja lilikuwapo. Saa mbili na nusu halipo."

"Limeandikwa nini?"

"Mkondo wa Wete. Alama zote za kuingilia. Nakwenda kuchapisha kitabu cha wenye yoti."

"Alama hizo ulizipata kwa nani?"

"Rubani alinionyesha. Siku mbili tulizunguka naye."

"Leo asubuhi nani aliingia humu?"

"Mjaka alikuja kuuliza habari za safari. Nikamwambia kitabu changu kikitoka, hapa hapatahitajika rubani tena."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliaga akashuka. Mtu akinyamaza hivyo ana lake moyoni."

"Mwingine?"

"Mkewe tu, alimletea mke wangu uji. Mama mwema sana. Huyo mtoe."

Inspekta hakumtoa mtu. Alirudi gatini akamwita Hamad Kificho, mwenye mtumbwi aliyemvusha rubani, kisha mkewe, Bi Masika.

"Ulipanda kwenye yoti?"

"Sikupanda, bwana. Mie nilibaki mtumbwini."

"Mjaka alipovuka asubuhi, alishuka na nini?"

"Mikono mitupu. Kanzu yake ile unayoiona, haina hata mfuko."

"Na Bi Masika?"

"Na bakuli lake." Hamad alitabasamu. "Limefunikwa kawa yake vizuri. Nikasema, kumbe Wazungu hawa wana adabu. Wamelirudisha na kitu."

"Ulilipokea wakati anashuka?"

"Nilinyosha mkono nilipokee, akakataa. Alilipakata mpaka pwani."

Inspekta alimgeukia Pelham. "Bwana, katika bakuli la uji ulitia nini?"

"Nitie nini? Mke wangu aliumaliza. Nililirudisha tupu."

"Tupu kabisa?"

"Bakuli si lake? Sasa nimlipe kwa kumrudishia?"

Koplo Ame aliangalia chini kwa haya. Inspekta yeye alikwisha pata alichokuwa akikitafuta. Wete nzima hakuna nyumba inayorudisha chombo cha watu kitupu. Utatia ndimu mbili, utatia sukari, ukikosa kabisa utatia chumvi. Ndiyo maana gati zima liliona bakuli lililofunikwa likitoka kwa Mzungu na hakuna aliyeshituka. Kwao lilikuwa jambo la kawaida. Mzungu naye hakushituka, kwa sababu hakujua kwamba chombo kitupu hakivikwi kawa. Ilitakiwa Hamad na Mzungu waulizwe swali moja, mmoja baada ya mwingine.

Nyumba ya rubani ilikuwa mtaa wa juu. Bi Masika, mwanamke wa miaka hamsini, alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Hakuinuka haraka.

"Asalamu alaykum, Bi Masika."

"Waalaykumu salamu, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuuliza habari ya bakuli."

"Bakuli la uji? Lipo jikoni."

"Mzungu amesema alikurudishia tupu. Hamad amesema ulilifunika."

Mikono yake iliendelea kusuka. "Nilimsitiri mgeni. Ningelitoa wazi, gati zima lingemcheka."

Lilikuwa jibu zuri, na Inspekta alilipenda. Mama yake mwenyewe angeweza kufanya hivyo hivyo.

"Basi kwa nini hukumpa Hamad alipokee? Bakuli tupu ni jepesi, Bi Masika. Ulilipakata mpaka pwani."

Ukili ulisimama.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Gatini. Ameitwa mwizi mbele ya watu, na alasiri wanamfutia cheti."

Bi Masika aliuweka ukili kando. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza Inspekta aliona hofu. "Sikujua kama watamshika yeye. Wallahi sikujua. Nilidhani Mzungu atatafuta, atakosa, atakwenda zake."

"Niambie basi, niandike maelezo yako."

"Hapa siandikishi kitu," alisema, akilivuta buibui lake kwenye kamba. "Alikotukaniwa ndiko nitakakosemea."

Kanuni za polisi hazisemi hivyo. Inspekta alizijua kanuni, akamngoja aingie ndani na kutoka, akampisha apite mbele.

Walipofika gatini watu walijitenga wakawapa njia. Bi Masika alitoa daftari chini ya buibui, akalishika juu wote walione.

"Nimelichukua mie, Masika binti Ngwali. Mume wangu hana habari. Anayetaka mwizi anitazame mie."

Mjaka alifumba macho.

"Kwa nini, Bi Masika?" Inspekta aliuliza.

"Nilikuwa namnywesha uji mkewe mgonjwa. Kwa mkono wangu. Huyu bwana akakaa pale akanipungia daftari lake mbele ya pua, akanambia, 'Bi, mumeo sasa atakaa nyumbani. Mkondo huu nimeugundua mimi.' Eti ameugundua yeye. Jumatatu hii tu alikuwa nje huko anapeperusha bendera aje aokolewe. Nikamuuliza, jina la mume wangu umelitia wapi? Akacheka. Alipotoka kwenda kuosha uso, nikalitia bakulini."

Mjaka akasogea.

"Masika, ungeniuliza," alisema kwa upole. "Mchanga wa mlango ule unahama kila msimu wa kusi. Kitabu kino alichoandika ni cha mwaka huu. Mwakani akikifuata kitampandisha fungu. Mie nilimuachia aandike."

Watu walicheka, na Pelham akazidi kuwa mwekundu. Lakini si mtu mbaya kabisa. Mkewe alikwisha mwambia kwamba ni Bi Masika aliyekaa naye homa ilipopanda, wakati yeye akizunguka na rubani.

"Sitaki kesi," alisema.

"La kesi nitaliandika mimi, kwamba mali imepatikana na mlalamikaji ameridhika," alijibu Inspekta. "Lakini neno ulilolitoa hapa ni lako. Ulifute hapa hapa."

Pelham alivua kofia. "Nilisema Mjaka ni mwizi. Mjaka si mwizi." Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika, akampa Inspekta.

Inspekta alisoma kwa sauti, akitafsiri, na sauti yake haikuwa ya kazini tena: "Mkondo huu nimeonyeshwa na Mjaka Othman, rubani wa Wete, na pasipo yeye nisingeingia."

Alikuwa mzaliwa wa Wete yeye pia. Mkubwa wa bandari, aliyesimama nyuma na cheti cha Mjaka mfukoni, alikitoa akamrudishia mwenyewe.

Inspekta alimrudishia Pelham daftari. Bi Masika hakuondoka.

"Na baba yake?" aliuliza. "Mume wangu hakuzaliwa anajua."

"Jina lake nani?" Pelham aliuliza.

"Othman Mjaka."

Pelham akaandika. Bi Masika alingoja amalize.

"Na aliyemfundisha huyo ni Bakar Mwalim, wa kisiwa cha Fundo," alisema. "Geuza ukurasa."